Siku Rubani Aliposema "Ndiyo" Tu

Rubani mmoja mzee, mkimbizi kutoka Kivu Kusini, amezikwa Nakivale, kambi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, juma lililopita. Nilikuwa nikipita kwake kila kazi iliponipeleka Isingiro, lakini habari za kifo nimezipata sokoni Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, kwa mama Mkongomani anayeuza maharage. "Yule muzee wa ndege amekufa," alisema, akaendelea kupima.

Kwao aliendesha ndege ndogo za mizigo, na miaka yote ya kambini haikumtoa adabu za redio ya ndege. Nikimpigia simu na kuanza na habari za watoto na mvua, alinikatiza: "Unajaza njia! Sema weye nani, uko fasi gani, unataka nini. Salamu nyuma." Wageni wawili wakizungumza kwa pamoja barazani kwake, alipiga meza: "Munakanyagana! Hakuna mwenye anasikika." Lakini kilichomkera kuliko yote ni mtu anayepewa agizo akajibu "ndiyo, ndiyo" bila kulirudia. Rubani hurudia alichoambiwa na mnara wa kuongozea ndege, ili kosa likamatwe kabla halijaua.

Tabia hiyo aliipeleka kwenye dirisha la ofisi iliyoshika faili lake la kwenda ng'ambo, alikotangulia mkewe na watoto. Siku moja nilikuwepo. Karani, mtu aliyejifunzia Kiswahili jeshini, alimwambia alete picha nne Alhamisi.

"Picha ine, Alhamisi," mzee akarudia.

"Wewe mzee, uko kasuku? Mimi nasema, na wewe nasema!"

Foleni nzima ikacheka.

"Hapana, chef, mukubwa yangu. Kama sirudilie, utajua namna gani nimesikia?"

"Jibu ndiyo, basi. Ingine kuja!"

Miezi michache baadaye karani yuleyule alimtajia siku ya mahojiano, saa mbili. Mzee alikumbuka kile kicheko, akajibu "ndiyo" tu. Karani alimaanisha saa mbili asubuhi, kama tunavyohesabu sisi sote. Rubani, aliyefanya kazi maisha yake yote kwa saa za Kizungu, alielewa saa nane mchana. Angerudia kama desturi yake, angesema "saa mbili ya muchana", na karani angemsahihisha palepale. Alifika saa saba na nusu, amevaa suti, akijiona amewahi. Waliokuja kumhoji walikuwa wamesharudi Mbarara. "Jina yako iliitwa mara tatu," akaambiwa. "Subiri."

Alisubiri miaka sita, hadi kifo. Hakufungwa na mtu: angeweza kupanda gari hadi Mbarara asubuhi yoyote, akazunguka mjini, na jioni akarudi palepale. Hakumlaumu karani. "Kazi ya kurudilia niliijua," aliniambia, "nikaona haya."

Sisi tunaokaa upande wa ndani wa dirisha, iwe ofisini, hospitalini au gazetini, twapenda kujibiwa "ndiyo" kwa kuwa ni fupi na inafanana na heshima. Mara nyingi ni woga. Mtu akirudia maneno yako, mwache amalize, umsikilize. Mkikosa kuelewana, wewe utakwenda nyumbani jioni, yeye atabaki.