Mama wa Usingizi
Wazee wote wa Rumonge waliokwenda kupasuliwa walimtaka yeye tu, yule mama wa usingizi, mwenye kuwalaza wagonjwa kwa dawa kabla ya kisu, na jambo hilo lilimkereketa Akonkwa, aliyeianza kazi hiyohiyo miaka ishirini kabla yake. Alimtazama kwa husuda: vidole vyake vifupi vikipapasa shingo ya mgonjwa, vikiinua kichwa chake kwa shuka iliyokunjwa, sauti yake ya chini ikiuliza, “Muzee, iko jino lenye kutikisika?” Dawa aliitia kidogokidogo, kama mpishi anayeonja chumvi. Asubuhi moja, mvuvi mkongwe wa Magara alipokwisha kulala, mpira wa kupumulia ulikataa kupita kooni. Mama yule hakulazimisha. Aliutoa, akampa mzee hewa kwa barakoa mpaka midomo ikarudia rangi yake, kisha akasema mbele ya daktari na wauguzi wote, “Kaka Akonkwa, kuya unisaidie. Mimi nimeshindwa.” Akonkwa aliupitisha mara moja. Kifua cha mzee kikapanda, watu wakamsifu Akonkwa. Lakini wivu ulimzidi hapo. Katika miaka yake yote ya kazi, kila koo lilipomkatalia, hakuwahi kumwita mtu.