Goti la Aslaug

Sveinung muuza ski, zile mbao za kutelezea thelujini, alimwambia kila mtu hapa bondeni kwamba mdogo wangu Aslaug alianguka kwa sababu hajui kupiga goti. Miaka ishirini na sita sasa. Kayasema kwenye kahawa baada ya kanisa, kayasema dukani kwake, na kucheka kacheka. Nilisikia, na sijasahau.

Aslaug hajui kupiga goti! Mtu aliyekwenda shule kwa ski kabla hajaota meno ya pili! Sisi watu wa Telemark kisigino hatukifungi kwenye ski, unashuka goti moja limeinama mpaka karibu liguse theluji. Aslaug alikuwa anashuka hivyo huku anamenya chungwa la Pasaka. Halafu akanunua ski mpya kwa huyo bwana, akateleza kwenye barafu ya mteremko wa kaskazini, nyonga ikavunjika. Tangu hapo anachechemea, na ski hakuvaa tena. Kibaya zaidi, aliamini yale maneno. "Labda kweli goti langu lilikuwa bovu," ananiambia. Natamani kumrushia kikombe.

Sasa mwaka huu mjukuu wake, Eldrid, tunakunywa kahawa, akasema, "Bibi, Jumamosi ya Pasaka nashuka ule wa kaskazini."

Kipande cha jibini kikamdondoka Aslaug. Wiki nzima hakula. Kila asubuhi anatoka nje kukanyaga theluji, anaisikiliza. Ikilia kama kioo, anarudi ndani mweupe kwa hofu.

"Si umkataze?" nikamwambia.

"Mimi nani alinikataza? Twende dukani. Kama lazima ashuke, asishuke na takataka."

Tukamkuta Eldrid keshachagua zake, pana, zimechorwa maua.

"Umepata, binti," Sveinung anamsifu. "Nyepesi, laini, utaelea."

Aslaug akazichukua, akazikutanisha tumbo kwa tumbo, akazibana kwa mkono mmoja. Zikafumbana bila ubishi. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa chuma. Ukingo butu, haukukwangua kitu.

"Kwenye theluji ya unga, sawa," akasema. "Kule ni barafu, Sveinung. Hizi zitajipinda, na mguu wa nyuma utamkimbia."

"Aslaug mama, leo unasingizia ski?"

"Lete ngumu, nyembamba katikati. Vifungio vya springi kali. Na buti za plastiki. Hizo za ngozi laini avae mkeo kanisani."

Sveinung akacheka peke yake. Akaleta.

"Sasa noa kingo. Hapa hapa, nikiona."

Akachukua tupa, akanoa. Hakututazama usoni hata mara moja.

Jumamosi bonde zima lilikuwa chini ya mteremko. Eldrid kule juu kama inzi, na barafu ni bluu tupu. Akaanza. Ski zilipiga kelele kwenye ile barafu mpaka meno yakaniuma. Kona ya kwanza, ya pili. Kufika kwenye jiwe jeusi, pale pale alipoangukia bibi yake, mguu wa nyuma ukamteleza.

"Mungu wangu," Aslaug akasema, kwa sauti ndogo. Kucha zake zilikuwa zimenizama mkononi.

Nikafumba macho, mimi ambaye simfumbii mtu. Nikasikia mkwaruzo mrefu, halafu kimya. Nilipofumbua, mtoto kasimama pale, goti chini, ukingo umeing'ata barafu. Akavuta pumzi, akageuza, akashuka mpaka kwetu, uso umelowa machozi.

Sveinung akavua kofia.

"Aslaug, zako sikuzinoa. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, nikakuambia zimenolewa. Na zilikuwa laini, na nilijua unakwenda wapi. Goti lako halikuwa na kosa."

Watu wakageuka wote.

"Sema tena," nikamwambia. "Kuna wazee hapa hawasikii vizuri."

Akasema tena, kwa sauti.

Aslaug akampa mkono. Mimi wangu niliuacha mfukoni.