Vidonge kwenye Sinia Moja

Nyumbani kwa Katungu hakuna aliyekula peke yake. Alipokimbia vita vya Eringeti na wajukuu zake, alibeba sinia moja ya bati, na katika chumba cha mbao walichopata Butembo, sinia hiyo ndiyo iliyofanya pale paitwe nyumbani. Bugali katikati, mikono pande zote. Waliolala porini pamoja hawanyimani tonge.

Binti yake Bénite alijifungua kwa kupasuliwa, akarudi na kitoto cha kike na pakiti ya vidonge vya kidonda.

"Maman, hii dawa ni ya Bénite yeye moja," muuguzi alimwambia Katungu walipokuwa wakitoka hospitali. Hakueleza kwa nini.

Katungu aliitikia kwa heshima. Lakini ukungu wa kilimani ulikuwa umeingia vifuani mwa watoto, wote wanakohoa. Alitazama pakiti, akawatazama wao, kisha akavigawa vidonge kwenye sinia kama anavyogawa samaki.

"Mama, siku moja utagawa hata mutoto wangu," Bénite alicheka.

"Huyu? Ni mudogo, hatoshe batu!"

Wakacheka wote, hata aliyekuwa akikohoa.

Vidonge vikaisha upesi. Homa ikaja, kidonda kikafunguka, na Bénite akarudishwa hospitali. Huko alipokewa na daktari Melchior, mmoja wa chama cha madaktari wanaopambana na vijidudu vilivyozoea dawa. Alipeleka usaha maabara. Majibu yalipokuja, alikaa kitandani kando ya Katungu.

"Maman, dawa tuko nazo hapa, vijidudu vinazicheka."

Wanachama wenzake walipigiana simu mji kwa mji. Mmoja akaipata dawa ifaayo huko Beni, lakini siku hiyo barabara ilikuwa na risasi, magari yamesimama. Dawa ilipofika, kitanda cha Bénite kilikuwa kimetandikwa shuka jipya.

"Docteur," Katungu aliuliza, "ni mimi nilimuua? Niliigawa ile dawa ya kwanza."

Melchior alimgeukia. "Hapana mutu anaweza kujua, Maman. Ingine vijidudu vinakaa humu humu hospitali. Na sisi madocteurs tulizoea kutoa dawa bila kueleza. Ni juu ya ile tulianzisha chama."

Aliyasema kwa huruma. Lakini kutojua kulimkwama Katungu kama mwiba wa samaki kooni, haushuki wala hautoki.

Mvua zilipoanza, kitoto cha Bénite kilishikwa na kifua. Melchior alitoa chupa ya dawa, na safari hii alieleza mpaka mwisho: anywe huyu tu, hadi chupa iishe, maana dawa ikikatizwa vijidudu huizoea. Jioni Rébecca akabisha hodi. Ndiye jirani aliyewapa chumvi na kuni siku ile walipofika na sinia tupu.

"Mama Katungu, wangu naye anakohoa. Nisaidie hata kijiko moja."

"Hapana, Rébecca. Mupeleke kwa docteur. Nitakusindikiza kesho."

"We! Kijiko moja tu? Chumvi yangu si ulikula?"

"Niliikula."

Alikuwa ameibana chupa ndani ya kitenge. Rébecca alimtazama kama mtu asiyemfahamu, akaondoka bila kuaga.

Katungu alimnywesha mtoto, akampangusa midomo. Kisha akapakua bugali, akaita. Wajukuu wakaja. Watoto wa Rébecca, waliozoea kuja wakikimbia, hawakuja. Kwenye sinia ukabaki upande mtupu, na kwa mara ya kwanza bugali ulipoa kabla ya kwisha.