Unga wa Mgeni

Dada yangu analipwa kuchungulia vyungu vya watu. Hayo ni maneno yangu. Yeye anasema anapima matumizi ya kaya. Huingia jikoni na mizani yake, hupima kitakacholiwa siku hiyo, kisha huuliza kama kilinunuliwa au kilitoka shambani. Mjini humchoka upesi, maana huko hata maji na kuni ni vya kununua, na maswali yake hayaishi. Vijijini humkaribisha mno, na ukarimu huo ndio uliomponza.

Mwaka wa ukame alipangiwa kijiji chetu wenyewe. Vipimo vyake ndivyo vingeamua kama kitapata chakula cha msaada.

Jua lilikuwa jeupe, hakuna jani linalotikisika, na alitembea, anasema, kama mtu anayeota. Nyumba ya kwanza alikuta beseni la bluu lenye pengo ukingoni, limejaa unga. Akapima. Nyumba ya pili, beseni la bluu. Nyumba ya tatu, pengo palepale. Alipotoka nje akamwona mwanamke akipita mbio nyuma ya nyumba, kimya, beseni kichwani.

Miguu ikampeleka kwa mama yetu. Nyumba hiyo haikuwa kwenye kazi yake. Alitaka kusalimia tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko mjini hamli?"

Kabla hajajibu, jirani akaingia kwa mlango wa nyuma na beseni la bluu. Alipomwona dada akaganda, akalitua, akaondoka bila kuaga.

"Mama, huu unga ni wa nani?"

"Wa mgeni."

"Mgeni yupi?"

"Yeyote atakayekuja. Hata wewe ukija kututembelea, si huwa unakula ukashiba?"

Dada akakumbuka sahani zote alizowahi kuandaliwa pale, na jinsi mama alivyosema kila mara kwamba yeye ameshakula. Roho ikamuuma. Hata mimi inaniuma, maana sahani hizo tulikula wote.

Akatoa kalamu, akavipiga mstari vipimo vya nyumba zote tatu.

"Usituvue nguo, mwanangu."

"Nikiandika mmeshiba, mama, hamtaletewa kitu."

Mama akalitazama beseni.

"Haya, andika tuna njaa," akasema. "Ukimaliza, nawa mikono."

Akainama, akaanza kuchota unga.