Nilivyoamsha Tangazo la Mapasa

Municheke tu, mi mwenyewe ningali nacheka.

Nilikuwa mugeni mu Saio, mutaa mumoja wa Bunia. Siku niliingia mu groupe ya quartier kwenye telefone, nikakuta mama mumoja ameandika: «Mungu amenipatia mapasa, wasichana wawili. Muje muwaone.» Na hakuna mutu hata mumoja alikuwa amemujibu! Nikawaka. Nikaandika chini yake: «Bunia gani hii? Mama anazaa wawili na munanyamaza? Jumamosi mi naenda na wamama wa korali!»

Tangazo likapanda juu ya groupe tena, watu wakapiga makofi. Mukubwa wa groupe akanijibu: «Mama, soma sheria ya kwanza. Haturudilie mazungumuzo ya zamani.» Nikamwandikia: «Furaha haina sheria, papa.» Ukaidi ni kipaji changu.

Jumamosi tukaenda na ngoma, tukibeba kila kitu mbili mbili vile mapasa wanapewa: sabuni mbili, pagne mbili za kubebea watoto, na kofia mbili ndogo nilifuma mwenyewe. Tukaimba njia yote. Mi ndiye nilibisha.

Wakafungua wasichana wawili wa sura moja, warefu kufika bega langu, mikoba ya masomo mugongoni.

«Tumekuja kuona mapasa,» nikasema.

«Ni siye, mama.»

Wamama wa korali wakashusha ngoma. Nikaficha kofia nyuma yangu, lakini mama yao alikuwa amekwisha kuziona.

«Nilitangaza miaka kumi iliyopita,» akasema. «Weye ndiye wa kwanza kunijibu. Leta hizo kofia. Na muimbe tena, kuanzia mwanzo.»