Mchana Mama Alipokosa Kivuli

Nikisikia harufu ya makopa, mihogo ile iliyomenywa na kuanikwa juani, mchana mmoja hunirudia mpaka leo. Uwanja wa shangazi Mwajuma kule Msimbu ulikuwa umejaa makopa mchana ule wa mwezi wa tatu, masika yakiwa hayajaanza. Mama alikuwa akiniaga, anakwenda kulazwa hospitali Kibaha. Nilikuwa na miaka saba. Niliinamisha kichwa asione ninalia, nikaona ardhi aliposimama ni nyeupe kwa jua, haina kivuli. Shabani, mtoto wa shangazi, aliona pia. "Mtu kivuli kikimkimbia, huyo harudi," alininong'oneza. Jioni akawasha tochi, akatupa ukutani mkono mkubwa kuliko mlango. "Huu ndio uliomfuata."

Mimi ni mtu wa kuhakiki kila kitu mara mbili, na nadhani ugonjwa huo ulianzia hapo. Kila asubuhi nilitoka kuhakikisha kivuli changu kipo, kisha cha shangazi, cha mbuzi, hata cha ndoo. Adhuhuri ikikaribia vyote vilifupika, nami nikakimbilia ndani nisione mwisho wake. Shangazi alinikuta uvunguni, nikamweleza. Hakucheka. Alifunga dirisha, akasimamisha kikombe sakafuni na kukimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Kivuli kikalala kirefu. Akaiinua tochi polepole, kivuli kikarudi, kikarudi, hadi tochi ilipofika juu kabisa kikaingia chini ya kikombe. "Hakijakimbia. Kimekaliwa." Kisha akaita, "We Shabani, lete huo mkono wako wa kutisha watu." Karibu na tochi, mkono ulijaza ukuta. "Sogea ukutani. Sogea tu." Ukapungua kila hatua, ukabaki mkono mwembamba wa Shabani, kucha zimetafunwa.

"Kwa hiyo mama atapona?" niliuliza.

Shangazi akazima tochi. "Hilo sijui, mwanangu. Ninachokijua, siku ile jua lilikuwa utosini. Hata mimi sikuwa na kivuli."

Jibu lile lilinitisha kuliko mkono wa Shabani. Kivuli ningeweza kukikagua. Ugonjwa ningeukagua vipi?

Mama alirudi masika yamekolea, jioni moja jua lilipopata upenyo mawinguni. Alitembea polepole kutoka barabarani, kivuli chake kirefu kikanifikia kabla yake. Nilikitazama chote, kuanzia kichwani mpaka kwenye visigino vyake. "Hata shikamoo hakuna?" aliuliza.

Siku hizi ninaishi naye Kibaha. Shule niliiacha mapema, lakini nimejisomea kwenye simu, na kwa kikombe na tochi huwaeleza watoto wa majirani kwa nini jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka. Hurudia mpaka aelewe hata yule mdogo kabisa. Lakini mwezi wa tatu, saa sita na nusu mchana, mama akitoka kuanua nguo, namwita aingie, jua kali.

"Hivi wewe na jua mna ugomvi gani?" huniuliza.

Sababu ninaijua yote, hatua kwa hatua. Bado hutazama chini ya miguu yake mpaka avuke kizingiti.