Kuku wa Wageni

Vyuo vilipofungwa kwa ajili ya corona, wanafunzi waliondoka Dodoma mjini na banda langu la chipsi likafa. Nilivumilia hadi mafuta yakaniishia, kisha nikarudi kwa mama, kijijini upande wa Mvumi. Nilidhani nakwenda kula. Kumbe mama naye alikuwa akinitegemea mimi: hela niliyokuwa nikimtumia ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wawili wa marehemu dada yangu. Mtama shambani ulikuwa bado mbichi, na unga uliobaki kwenye debe ulikuwa wa kukwangua.

Ndipo tukasikia kwamba kanisa limepata unga wa kugawia kaya zilizoumizwa na ugonjwa ule. Watu wawili wa kujitolea, dada mmoja na kijana, wangepita nyumba kwa nyumba kuona nani ana shida gani. Mimi nilifurahi. Mama alisikia neno moja tu, wageni.

Asubuhi waliyotarajiwa alifagia uwanja wote, akanituma kwa jirani kuazima viti na chupa ya chai, akavaa kitenge chake cha Krismasi. Kisha akamkamata tetea, kuku pekee tuliyebaki naye, ambaye mayai yake ndiyo yaliyotununulia chumvi na sabuni.

"Mama, hawa wanakuja kuangalia njaa," nikamwambia. "Sasa utawaonyesha mchuzi?"

"Watu wanatembea na jua lote hili," akasema. "Unataka wakae wakiitazama mikono yangu mitupu? Washa moto."

Niliwasha, nimenuna. Kwetu Ugogo mwanamke husemwa miaka na miaka kwa mgeni aliyeondoka kwake bila kula. Njaa yake mwenyewe hakuna anayeiuliza.

Wageni walifika na barakoa zao, wakasimama mbali, kule kwenye kona ya zizi tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni mkae, chakula kiko tayari."

Yule dada akaeleza kwa upole kwamba hawaruhusiwi kukaa wala kula kwenye nyumba za watu, kwa sababu ya ugonjwa. Akatazama viti, chupa ya chai, na sufuria iliyokuwa ikinukia uwanja mzima.

"Naona hapa hamjambo, mama."

"Hatujambo kabisa, tunamshukuru Mungu," mama akajibu.

Nilifungua mdomo. Mama akanikata jicho, nikaufunga.

Watoto walimla yule kuku mpaka wakatafuna mifupa. Mama hakugusa hata mchuzi. "Wamenionea kinyaa," alisema, akaenda kukivua kile kitenge.

Unga ukagawiwa, na kwetu hakuja mtu. Nilimkasirikia kila mmoja: wale wawili walioona mchuzi wasilione debe, mama na usafi wake, hata corona yenyewe kama vile ina masikio. Tukawa tunakula mlenda mtupu, bila ugali. Mama akaanza kusema ameshiba kabla ya kunawa mikono. Ikafika siku akashindwa kuinuka mkekani, na hapo niliogopa kweli.

Yule dada alipopita tena njiani, nilimwita. Sikumkaribisha kiti. Nilitoa debe nje nikaliinamisha mbele yake aone ndani.

"Hatuna unga," nikasema. "Mama yangu hawezi kusimama kwa njaa. Yule kuku alikuwa wa mwisho, na tulimchinja kwa ajili yenu."

Nilisema kwa sauti kubwa, majirani wakasikia. Dada akachungulia debe, akaondoka haraka. Jioni ileile kijana mwenzake akatuletea nusu gunia kwa baiskeli.

Nikasonga ugali, nikampelekea mama ndani. Kuta za tembe letu ni za udongo na dirisha halina kioo, kwa hiyo kila kitu alikuwa amekisikia.

"Umewaambia," akasema.

"Nimewaambia, mama."

Akajikokota akaketi, akavuta sahani, akanipa mgongo. Alikula akiutazama ukuta, mpaka ugali ukaisha.

Mama yupo, na mwaka uliofuata tulivuna vizuri. Lakini mpaka leo, wageni wakija, hanitumi mimi tena kwenda kuazima viti.